Machela ya Lettow: Maiti Aomba Kahawa

"Mama Rajabu, kitanda gani hiki chenye mikono minne halafu hakina mto?"

Swali hilo aliwahi kuliuliza Antonia, jirani wa upande wa machweo, siku alipoingia stoo kuazima chekeche. Bi Waridi alicheka mpaka akashika ukuta. Akamweleza kwamba hicho si kitanda, ni machela, ile waliyokuwa wakibebewa wakubwa wa zamani mabegani mwa watu. Na hii hasa ndiyo aliyobebewa Lettow mwenyewe, yule jemadari wa Kijerumani aliyepigana na Makaburu hapa hapa Kondoa. Antonia akasema, "Aa," akachukua chekeche lake akaenda zake.

Leo Bi Waridi hacheki. Leo lile swali limerudi, limesimama getini kwake, limevaa kanzu nyeupe na kushika fimbo.

Tuliwaacha palepale uani, msomaji, roho zetu zikiwa juu. Rajabu, mtoto wa pekee wa mjane Waridi, alikuwa amewazungusha wageni wake tangu asubuhi. Amewaonyesha boma la zamani, amewapandisha mlima ambako mizinga ya Lettow ilinguruma mwaka wa kumi na sita, Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawaleta kwa mama yake wamalizie na machela. Mkubwa wa wageni hao, Meja Pantaleo, mstaafu wa jeshi kutoka Kongwa, mwenye tumbo la heshima, akataka apigwe picha amelala juu yake. Wenzake wanne wakamwinua begani. Wakatoka naye stoo mpaka uani wakiimba wimbo wa kwata.

Na geti likafunguka.

Akaingia Mzee Suleiman, baba yake Nasma, na nyuma yake wazee wawili wa msikiti. Walikuwa wamekuja na jibu la posa. Jibu ambalo Rajabu amelisubiri tangu mfungo uishe, na ambalo Bi Waridi ameliombea kila sijda. Maana likiwa hapana, Jumatatu Nasma anapanda basi la Babati kwa shangazi yake, na huko kuna mwenye duka la mabati anamsubiri kwa hamu.

Mzee Suleiman akaitazama machela. Akalitazama tumbo. Akainua mikono miwili.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Wimbo wa kwata ukakatika kama redio iliyokatiwa umeme.

"Nani kafa, mzee?" Meja Pantaleo aliuliza kutoka juu.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe hapo. Hapo ulipolala wewe alilala baba yangu. Akalala mama yangu. Na shehe aliyenifundisha alifu naye akalala. Na sijaona hata mmoja aliyelala hapo akainuka."

Meja akakaa kitako kwa ghafla. Machela ikayumba. Yotham, aliyekuwa ameshika mkono wa mbele kushoto, akapiga kelele, "Meja, tulia, utatumaliza!" Wakamshusha mbiombio, akatua chini kama gunia la alizeti, kofia yake ikabingirika mpaka miguuni kwa kuku.

"Hili ni jeneza," Mzee Suleiman alisema. "Jeneza la msikiti."

Bi Waridi akatikisa kichwa.

"Haiwezekani, Baba Nasma," alisema. "Jeneza la msikiti si ni la chuma?"

"La chuma ni la juzi. Kabla ya la chuma kulikuwa na hili. Msikiti ulipobomolewa ujengwe upya, vitu vyake viligawanywa kwa watu wavitunze. Hili likaja kwa baba mkwe wako, kwa kuwa alikuwa muadhini. La chuma likanunuliwa, hili likasahauliwa."

"Mimi jeneza la zamani nimeliona, wallahi. Limepita mbele ya macho yangu mara ngapi!"

"Umeliona au umeona shuka?"

Bi Waridi akajaribu kukumbuka. Kweli. Misiba yote aliyokaa jamvini tangu aolewe mji huu, jeneza lilipita limefunikwa, shuka ya kijani hadi chini. Wanaume wakilibeba wakaenda nalo makaburini, wanawake wakabaki na vilio vyao na masufuria. Mbao zake zikoje, mikono yake ikoje, nani katika wanawake wa Kondoa angejua? Na Rajabu, aliyekulia Dodoma mjini kwa mjomba wake, alirudi akalikuta la chuma.

"Astaghfirullah," alinong'ona. Akajisikia anataka kukaa, na pa kukaa palipokuwa karibu ni juu ya jeneza lenyewe. Akabaki wima.

Rajabu akajisogeza mbele, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Marahaba haikuja.

Jamani, mnaoijua Kondoa mnalijua hilo. Mtu mzima akusikie, akuone, halafu marahaba yake aimeze! Ni bora akupige na fimbo. Antonia, aliyekuwa amechomoza kichwa juu ya michongoma tangu wimbo wa kwata ulipoanza, akaweka kiganja mdomoni.

"Nilikuja na jibu," Mzee Suleiman alisema. "Nilikuwa nalo hapa kifuani, limeiva. Sasa nielezeni. Nimpe binti yangu kijana anayechukua kitu walichobebewa wazazi wetu, akakionyesha kwa watalii, akawaimbisha juu yake?"

"Sisi si watalii, mzee," Yotham alijitetea. "Sisi ni wastaafu."

"Nyamaza, Yotham," alisema Meja huku akijikung'uta vumbi.

"Nani alikwambia hii ni machela ya Mjerumani?" Mzee Suleiman alimuuliza Rajabu. "Nataka jina."

Rajabu akainua kichwa. Macho yake yakampita mama yake haraka, kama mtu anayepita mbele ya mtu anayeswali.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Nilitunga mwenyewe."

Bi Waridi aliujua ukweli. Mwanawe hakutunga. Yeye ndiye aliyemwambia, Rajabu akiwa bado anavaa kaptula, kila alipokuja likizo: usichezee hiyo, hiyo ni machela ya Lettow. Mtoto alikuwa anamkinga mama yake, na alikuwa anamkinga kwa gharama ya kumpoteza Nasma.

"Umetunga," alisema Mzee Suleiman. "Ahsante kwa kusema. Twendeni, wazee."

Akageuza fimbo kuelekea getini. Wazee wawili wakageuka naye, ingawa mmoja wao, Mzee Abbasi, asiye na meno ila mwenye macho ya kucheka, aligeuka taratibu sana, kwa sababu alikuwa ameshanusa kahawa jikoni.

Bi Waridi alitaka kupaza sauti. Lakini sauti nyingine ikamtangulia, ikapasua uwanja.

"Mzee! Samahani, mzee! Kwenu ni wapi hasa?"

Alikuwa Meja Pantaleo. Mzee Suleiman akasimama bila kugeuka.

"Kwetu hapa."

"Hapa ndiyo, lakini kabla ya hapa?"

"Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya pembe. Alitoka Unyanyembe, akachoka mzigo, akaoa hapa."

"Mnyamwezi!" Meja alipiga makofi mara moja, pa! "Yotham, umesikia? Mzee huyu ni Mnyamwezi!"

"Kwa hiyo?" aliuliza Mzee Suleiman, sasa amegeuka nusu.

"Kwa hiyo mimi ni Mgogo, mzee wangu. Mgogo wa Kongwa, baba na mama. Unavunja nyumba ya watu kwa sababu mtani wako amelala kwenye jeneza? Sasa nani mwingine alale? Mababu zako walipita kwetu wakinywa maji ya visima vyetu na kulalamika kwamba yana chumvi. Leo nimelipata jeneza lenu, halafu niliache? Siliachi!"

Na mbele ya macho ya wote Meja Pantaleo akalala tena. Alijinyoosha vizuri, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Hapo, msomaji, ndipo mambo yalipochukua njia nyingine. Wenye watani wanajua. Mtani akilala kwenye jeneza lenu, au akiruka kaburini kabla ya maiti, hapigwi wala hafukuzwi. Anakombolewa kwa anachodai. Ndiyo desturi, na Mzee Suleiman, pamoja na fimbo yake na kanzu yake, anaijua kuliko wote waliokuwa uani.

"Inuka," alisema.

"Maiti haiinuki," Meja alijibu macho yakiwa yamefumbwa. "Umesema mwenyewe hujaona hata mmoja."

Mzee Abbasi akatoa sauti ya ajabu puani. Mzee wa pili akageuka kuangalia ukuta, mabega yakimcheza.

"Maiti gani inaongea?"

"Maiti ya Kigogo. Hata kaburini inadai haki yake. Nataka kahawa, nataka kashata, na jogoo yule aliyekanyaga kofia yangu."

"Jogoo si wangu. Ni wa Mama Rajabu."

"Basi Mnyamwezi atajua atampata wapi. Mimi nipo. Sina haraka. Nimeshakufa."

"Na alivyo mzito," Yotham aliongeza kwa huzuni ya uongo, "safari hii mbebe ninyi wenyewe. Sisi bega limekwisha."

Mzee Abbasi akashindwa. Alicheka mpaka akakalia ngazi. Mzee wa pili naye akaachia. Antonia juu ya michongoma alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mzee Suleiman akajitahidi, akabana midomo, akakunja uso kama mtu aliyeng'ata limau, lakini ndevu zilikuwa zinatetemeka, na ndevu hazijui kudanganya.

"Mgogo mlafi wewe," alisema hatimaye.

"Mnyamwezi mchoyo," alijibu maiti.

"Mama Rajabu," alisema Mzee Suleiman, "mpe kahawa huyu, azikwe salama."

Bi Waridi akaenda jikoni miguu ikiwa haigusi ardhi. Alimimina kahawa kwenye vikombe vidogo, kwa haraka kiasi kwamba kikombe kimoja kilijaa mara mbili. Aliporudi, wazee walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, Meja amekombolewa kwa kashata mbili na ahadi ya jogoo, na Rajabu amesimama kando hajui aweke wapi mikono.

Lakini msidhani yameisha. Mzee Suleiman alikunywa kikombe chake, akakigeuza juu chini mkekani, akasema, "Utani ni utani. Umeniweka chini, Mgogo, sawa. Ila binti simtoi kwa utani. Rajabu, nakuuliza tena. Ulitunga?"

"Nilitunga, baba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Bi Waridi aliitazama shingo ya mwanawe. Ilikuwa imekaza kama shingo ya marehemu baba yake siku alizokuwa anaficha homa. Akaweka sinia chini.

"Anasema uongo, Baba Nasma. Na uongo wenyewe ameanza leo. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Mama..."

"Kaa kimya, Rajabu. Mimi nimemwambia, na mimi niliambiwa na mume wangu. Abdulswamadu, Mungu amrehemu. Usiku ule ule nilipoletwa hapa mwari niliiona imesimama ukutani pale stoo, nikamuuliza, akaniambia ni machela ya Lettow. Sikumuuliza tena mpaka namzika. Kama kuna wa kukosa, nikose mimi. Mtoto mpeni mkewe."

Mzee Abbasi ndiye aliyejibu, na safari hii hakuwa anacheka.

"Mama Rajabu, mimi nilikuwepo. Mumeo alikuja msikitini asubuhi yake akatutaka tunyamaze. Alisema, mke wangu ni msichana mdogo, ametoka kwao jana, akijua kuna jeneza ukuta wa pili hatalala humu. Nimemwambia ni ya Mjerumani. Msiniumbue. Tukacheka, tukamfichia, na misiba ikija tukaazima jeneza la msikiti mwingine. Halafu nadhani tukasahau."

Bi Waridi hakujua afanye nini na uso wake. Kwa hiyo alidanganywa. Miaka yote ile, yule mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata bei ya vitunguu, alimdanganya tangu usiku wa kwanza. Na alimdanganya apate usingizi. Akavuta mtandio mpaka kwenye nyusi, akajifanya anapanga vikombe.

Mzee Suleiman aliona. Akakohoa. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya mtu mwingine.

"Shikamoo yako niliisikia, Rajabu. Marahaba."

Rajabu akapiga goti bila kujua.

"Kijana anayebeba la mama yake mgongoni," mzee aliendelea, "hata la mke atalibeba. Haya. Kuhusu jibu langu..."

Bi Waridi akashika pumzi. Antonia akashika michongoma, ikamchoma, hakujali.

"Lakini mzee," Yotham akadakia, "una hakika ni jeneza?"

Kuna watu Mungu amewapa ulimi bila breki.

"Yotham!" alinguruma Meja.

"Nauliza tu, mkubwa. Tumetoka Kongwa kufuata nyayo za Lettow. Tukirudi wenzetu wakauliza, tuseme tumeona machela au jeneza?"

Uso wa Mzee Suleiman ukabadilika. Aliweka mkono juu ya ile mbao nyeusi.

"Baba yangu alikuwa seremala. Hili alilichonga yeye, kwa mikono yake. Na chini yake alikata nyota, lisije likachanganywa na la msikiti mwingine. Nimekua naambiwa habari ya nyota hiyo. Wapi vile? Chini, katikati, kwenye mti wa upande wa kichwani. Pindueni mwone. Mkiona nyota, mwende Kongwa mkaseme ni jeneza. Msipoiona, mimi Suleiman ni mwongo mbele ya nyumba hii, na mwongo haozeshi."

"Baba Nasma," Antonia alisema kutoka juu ya michongoma, "toa kwanza jibu, nyota haikimbii."

"Nyota kwanza."

"Jibu ni dogo, baba. Ni neno moja tu."

"Nimeshaapa, mama. Nyota kwanza. Pindueni!"

Bi Waridi alitamani kusema msipindue. Hakujua kwa nini. Lakini Meja na Yotham walikuwa wameshashika, moja, mbili, tatu, na ule mzigo wa mbao ukageuka, vumbi la miaka likamwagika mkekani, likaingia kwenye vikombe.

Mzee Suleiman akapiga goti. Akatoa leso, akasugua katikati ya mti wa kichwani. Masizi yakatoka. Akasugua tena. Mti ukaanza kuonekana, mwekundu, laini kama siku uliporandwa.

Hapakuwa na nyota.

"Labda upande wa miguuni," alisema Mzee Abbasi.

Leso ikahamia upande wa miguuni. Ikasugua na mbavu za kushoto. Ikasugua na za kulia. Bi Waridi alikuwa anautazama ule mkono, sio mbao. Aliuona unapunguza kasi, unasugua mahali palipokwisha kuwa safi, unasimama.

"Mimi nilipokuwa chini yake nimebeba," Yotham alisema polepole, "sikuona nyota. Ndiyo maana nikauliza."

Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Basi kama hili silo, jeneza alilopewa muadhini alitunze liko wapi? Na hili lililolala mkekani kwa mjane ni la nani? Bi Waridi alihisi furaha ikimpanda kifuani, furaha ndogo isiyo na adabu. Abdulswamadu! Huenda hakunidanganya. Huenda aliwadanganya wao! Na papo hapo akamwona mwanawe, bado amepiga goti, anamwangalia Mzee Suleiman kama mtu anayeangalia basi linalotia gia. Furaha ikazima.

"Mtani," Meja Pantaleo alisema, kwa mara ya kwanza bila mzaha, "haidhuru. Sisi hatukusikia kiapo chochote. Au siyo, jamani?"

"Hatukusikia," alisema Mzee Abbasi haraka.

"Hata mimi sikusikia," alisema Antonia.

Mzee Suleiman alikunja leso yake iliyojaa masizi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kuingia kiganjani. Akainuka. Akaokota fimbo.

"Baba," alisema Rajabu, "Nasma..."

Mzee alimtazama kijana. Midomo ilifunguka kidogo, na Bi Waridi angeweza kuapa kwamba aliliona lile jibu, limekaa pale nyuma ya meno, limeiva, neno moja tu. Kisha midomo ikafungika.

Akapita katikati yao, akavuta geti, akatoka. Na hakushika njia ya nyumbani kwake, wala ya msikitini. Alishika ile inayokwenda makaburini, mahali alipolazwa seremala baba yake.